Kamera ya Yashica Mat-124G baada ya miaka miwili: niliyoyapenda na yaliyonitoa jasho

Nilipofungua boksi, kilichonipokea kwanza ni harufu ya kabati la bibi, ile ya nguo zilizokaa muda mrefu bila kuona jua. Mimi mtu wa Tanga, harufu hiyo naijua. Nikajisemea, hapa nimeuziwa ukungu.

Muuzaji alikuwa ameandika kwenye mtandao kwamba lenzi ni safi kama mpya. Nikafungua mgongo wa kamera, nikaiweka shata, ule mlango wa mwanga, kwenye alama ya B ibaki wazi, nikamulika kwa tochi ya simu. Lenzi ya chini ilikuwa safi kweli. Ya juu ilikuwa na nyuzi nyeupe pembeni, nyembamba, zimetambaa kama mizizi ya mpunga. Nikacheka peke yangu, maana kama nyuzi zile zingekuwa chini, laki sita zangu zingekuwa zimekwenda na maji.

Kwa asiyezijua kamera hizi: zina macho mawili, moja juu ya jingine, yote ya milimita 80. La juu ni lako wewe. Mwanga unaingia, unagonga kioo kilichoinama, unapanda kwenye kioo cha mraba unachokitazama kwa kuinamisha kichwa, kamera ikiwa usawa wa kitovu. La chini ndilo linalopiga picha. Kwa hiyo uchafu wa juu unaudhi jicho tu, picha haiujui. Ukinunua, tochi ianzie chini. Rangi iliyochunika na ngozi iliyobanduka visikutishe, na wala usivutiwe na ile inayong'aa kama kiatu cha harusi kabla hujaimulika.

Mat-124G ilianza kuuzwa mwaka 1970, ikaendelea kutengenezwa Japani mpaka katikati ya miaka ya 80. Inatumia mkanda mpana wa filamu wa namba 120, unaotoa picha 12 za mraba, sentimita sita kwa sita. Kumi na mbili tu! Mwanzoni niliona ni uchoyo. Siku hizi natembea Jumapili nzima kuanzia Raskazone mpaka sokoni Ngamiani na kurudi nyumbani na picha nne, na zote nne nakumbuka nilizipiga wapi na kwa nini.

Kuizoea kulinichukua wiki nzima. Kwenye kile kioo kulia ni kushoto. Mtoto akikimbia kuelekea baharini, wewe unamwona anakimbilia mjini, nawe unaizungusha kamera upande usio wake, unamkosa. Niliwakosa watoto wengi. Lakini ina raha moja ambayo simu haina: watu hawaoni kama unawalenga. Ukiinama namna ile wanadhani unasoma kitu. Wachuuzi wa machungwa ambao wakiona simu tu wanageuza uso, waliniuliza, "Kaka, unatafuta nini humo ndani?" Wakaja kuchungulia mmoja mmoja, wakaanza kupanga foleni wenyewe.

Sasa ubovu. Spidi za haraka zilifanya kazi tangu siku ya kwanza, mpaka ile ya moja kwa mia tano ya sekunde. Za taratibu zilikuwa zimelala. Ukiweka sekunde moja, shata inafunguka, inalia kidogo kama mbu, inanyamaza, inabaki wazi. Tatizo hili kamera za umri huu zinalo sana: ndani mna vigurudumu vyenye meno vinavyohesabu muda, na mafuta yake yakizeeka yanageuka gundi. Fundi wa kamera Tanga sikumpata. Nikampelekea fundi saa, mzee anayekaa kwenye kibanda chenye kioo, na lenzi yake nyeusi jichoni. Akaisikiliza kwanza kabla hajaigusa. Akasema, "Hii ni saa tu, mwanangu, ila imefundishwa kupiga picha." Aliifungua mbele yangu, akaviosha vile vigurudumu kwa petroli ya kiberiti, akavikausha, akatia mafuta kwa ncha ya sindano, tone ambalo hata sikuliona. Ile lenzi ya juu aliifungua pia akaipangusa kwa spiriti. Nyuzi zilitoka, alama yake imebaki mpaka leo. Ukungu ukishaula utando wa lenzi, hakuna dawa. Alinitoza elfu thelathini, nami niliona haya kumlipa kidogo hivyo, nikaongeza.

Kipimo cha mwanga kinawaka ukifungua kifuniko cha juu, sindano inacheza vizuri, lakini mimi sikiamini. Kilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri hizo haziuzwi tena kwa sababu ya sumu yake. Ya alkali ya umbo lile lile ina volti 1.5, inakidanganya kipimo kuona jua kali kuliko lilivyo, na picha zinatoka na giza. Mkanda wangu wa kwanza uliharibika hivyo. Sasa napima kwa macho kama walivyopima wa zamani: jua la saa sita, tundu la lenzi kwenye namba 16, na spidi iliyo karibu na namba ya mkanda. Kwa HP5, mkanda wa nyeusi na nyeupe wenye namba 400, naweka moja kwa mia tano, naondoka.

Mikanda ndiyo inayouma. Shemeji yangu yuko Muscat, huniletea mitano akija likizo, kila mmoja zaidi ya elfu ishirini. Kusafisha nasafisha mwenyewe chooni usiku, kwa dawa iitwayo D-76. Dawa inatakiwa iwe nyuzi joto 20, na maji ya bomba la Tanga mwezi wa pili hayajawahi kusikia habari hiyo, kwa hiyo natafuta barafu kwa muuza samaki. Mke wangu anasema picha zangu zote zina harufu ya vibua.

Jambo jingine kwa wenzangu wa pwani: usiiweke kabatini. Nilikuwa na kamera ya Zenit ya Kisovieti, nikaitunza kwa heshima ndani ya kifuko chake cha ngozi, nikakifunga. Miezi minane. Ngozi inanyonya unyevu, giza linafanya kazi yake, nilipoifungua lenzi ilikuwa na ramani ya Afrika. Hii Yashica inakaa wazi kwenye rafu karibu na dirisha, haipigwi na jua, na kila wiki naizungusha mpini na kubonyeza hata kama haina mkanda.

Ningeinunua tena? Ndiyo, lakini kwa nusu ya maneno ya muuzaji na tochi mkononi.

Babu yangu alikuwa na studio Ngamiani, wakati wa mapazia yaliyochorwa minazi na ndege. Nilimpelekea Idi iliyopita. Macho yake hayaoni vizuri tena, lakini nilipomwekea mapajani, kidole gumba kilikwenda chenyewe kwenye kifuniko cha juu, kikafunguka. Akaufunua mpini, akazungusha mbele, akarudisha nyuma, akatega sikio. Mkanda ulikuwa umebaki picha moja. Akasema, "Kaeni," tukakaa, yeye ameinama, sisi tunamtazama utosi. Ilipolia akauzungusha mkanda mpaka mwisho, akautoa mwenyewe, akakunja ncha ya karatasi, akaulamba ule utepe wenye gundi, akaubana kwa kidole.

"Bado tamu," akasema.