Kadi ya grafiki ya kurushia video mubashara: ipi ununue, na uijaribu vipi dukani

Muuzaji wa Kariakoo au Luthuli Avenue atakusifia kadi kwa mambo mawili: ina GB ngapi na inacheza gemu zipi. Wewe unayerusha ibada, harusi au mechi za mtaani kwenye YouTube, hayo yote mawili hayakusaidii. Video inabanwa, yaani inapunguzwa ukubwa ili ipite kwenye intaneti, na sehemu ndogo ya chipu iliyotengwa kwa kazi hiyo tu: enkoda. NVIDIA wanaiita NVENC, AMD wanaiita VCN, Intel wanaiita Quick Sync. Kadi inaweza kuwa mpya, ya boksi, na isiwe nayo kabisa.

Kabla hujatoa hela, angalia prosesa yako. Ikiwa ni Intel Core na jina lake haliishii na F, kuna uwezekano mkubwa Quick Sync unayo tayari. Ipo tangu 2011. Kompyuta nyingi za ofisini za mtumba, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zinayo. Kwa kurekodi masomo au kurusha 720p, inatosha, kaa na pesa yako. Ukija kuchomeka kadi baadaye, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uhakikishe grafiki ya ndani haijazimwa.

Bado unataka kadi? Huu ndio mpangilio wangu.

Ya kwanza ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024. Si kwamba ina nguvu kuliko nyingine. Inashinda kwa sababu inaingia kwenye mashine tulizonazo. Inakula wati 70 tu, haidai waya wa ziada wa umeme, na zipo za kimo kifupi zinazokaa kwenye kesi nyembamba za ofisini. Pawa ya kesi hizo kwa kawaida haina hata waya wa pini 6. H.264 yake, yaani mfumo wa kubana video uliozoeleka zaidi, ni safi, na ndiyo YouTube na Facebook wanayoipokea bila maswali. Usichanganye na ile ya GB 8, inayotaka waya na pawa kubwa zaidi.

Ya pili, kwa mwenye kesi kubwa na pawa nzuri: GTX 1660 Super au 1650 Super ya mtumba. Zina NVENC ya kizazi cha Turing, ile iliyoinua ubora wa NVIDIA kuanzia 2018. Soma neno Super kwa makini. GTX 1650 ya kawaida ilitoka na NVENC ya kizazi cha nyuma.

Ya tatu ni Intel Arc A310 au A380 za 2022. Hizi zinabana kwa AV1, mfumo mpya zaidi unaotoa ubora uleule kwa data chache, kitu ambacho kadi zote nilizotaja juu hazina, na YouTube inapokea AV1 mubashara. Kama bando lako la kupakia ni jembamba, zipandishe hadi nafasi ya kwanza. Nimeziweka chini kwa sababu kwenye mashine ya zamani isiyo na Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo) gemu zinadorora sana, na wengi wetu kompyuta ni moja kwa kila kazi.

RTX 4060 na RX 7600 zina AV1 pia, lakini ni za mwenye bajeti. Kati ya hizo nachukua 4060: RX 7600 inaachwa nyuma kwenye H.264 ya Mbps chache, yaani data kidogo kwa sekunde.

Usiguse GT 1030, RX 6400 wala RX 6500 XT kwa kazi hii. Hazina enkoda.

Sasa dukani. Nenda na flashi yenye OBS, programu ya kurekodi na kurusha video, na klipu ngumu: kwaya iliyovaa vitenge ikicheza, au mvua inayonyesha kwenye majani. Fungua Settings, kisha Output, utazame orodha ya enkoda. Kadi za NVIDIA nilizopendekeza, zikiwa na draiva sahihi, lazima zioneshe NVENC. NVENC isipoonekana, shuku. Zipo GTX 1050 Ti bandia ambazo ndani ni GTS 450 iliyobadilishwa jina, na kizazi hicho hakikuwa na NVENC. Programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi, huziumbua kwa kuandika FAKE mbele ya jina.

Ikionekana, cheza klipu na urekodi kwa 1080p, fremu 30, Mbps 3. Usiweke Mbps 20. Huko kila kadi inapendeza. Wakati inarekodi, fungua Task Manager, upande wa GPU: grafu ya Video Encode ipande, prosesa itulie. Kwenye Stats ya OBS, fremu zilizorukwa kwa sababu ya enkoda zibaki 0. Kisha tazama rekodi kwenye skrini nzima, macho yako kwenye kingo za vitenge pale waimbaji wanapogeuka ghafla. Picha ikivunjika vipande vya mraba hapo, itavunjika na Jumapili.

Nyumbani iache irekodi nusu saa mfululizo, maana hitilafu za joto hazijitokezi ndani ya dakika mbili za dukani. Anayetaka namba atumie programu ya ffmpeg na VMAF, kipimo cha Netflix cha ubora wa picha kinachotoa alama hadi 100, alinganishe h264_nvenc (enkoda ya NVIDIA) na h264_qsv (ya Intel) kwa klipu ileile na Mbps zilezile.

Duka likikataa flashi yako, omba siku mbili tatu za kurudisha, na ziandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya utambulisho (serial number) ya kadi.