Hanna HI772 ya kupimia alkalini: kwa anayeanza matumbawe magumu inalipa, ila desimali zake usiziabudu

Wakuu, wengi wananiuliza ukitaka kufuga nyumbani, kwenye tangi la maji ya bahari, matumbawe magumu, haya yanayojenga mifupa, Euphyllia, Montipora na baadaye Acropora, unaanza na kipimo gani. Jibu langu halibadiliki, kabla hujanunua hata kipande kimoja tafuta kitu cha kupimia alkalini, yaani kiasi cha kaboneti na bikaboneti kwenye maji, vingine vitafuata. Mimi nipo London na natumia Hanna Checker HI772, kale kadude kadogo ka kushika kiganjani, kanakula betri moja ya AAA, bei yake huku inapita pauni 50 wakati kile kipimo cha matone cha Salifert hakifiki hata 20. Je hiyo tofauti inalipa? Kwangu inalipa, na sababu kubwa ni macho, nitaeleza.

Kwanza kwa nini alkalini. Tumbawe gumu linajenga mfupa wake kwa kalsiamu na kaboneti, yaani chokaa tupu, na vyote viwili linavivuta kwenye maji kwa pamoja. Maji ya bahari yana kalsiamu kama miligramu 410 hadi 420 kwa lita na alkalini kama dKH 7 hivi, dKH ndiyo kizio chetu cha kupimia alkalini. Sasa matumbawe yakila dKH 1 kalsiamu inapungua miligramu 7 tu, saba kwenye mia nne na kitu, kipimo gani cha nyumbani kitakuonyesha hiyo? Lakini alkalini ikitoka 8 ikaja 7 unaiona kweupe. Ndo maana wenye matangi yao wanapima alkalini karibu kila siku halafu kalsiamu na magnesiamu mara moja kwa wiki inatosha kabisa. Na tangi lililozoea kushuka kila siku likiacha kushuka ghafla hujamwaga chochote, usifurahi, maana yake matumbawe yameacha kujenga, angalia joto, chumvi, fosfeti.

Kupima kwenyewe ni hivi. Unajaza kichupa ml 10 za maji ya tangi, unafuta alama za vidole kwa kitambaa kikavu, unakiweka ndani unabonyeza kinajisawazisha sifuri. Unakitoa, unaongeza ml 1 ya dawa ya kupimia kwa sirinji, unapindua kichupa taratibu mara tano hivi, rangi inatoka, manjano kama alkalini ipo chini na inaenda kijani mpaka bluu kadiri inavyopanda, unarudisha, unabonyeza, namba hiyo hapo. Dakika mbili haziishi. Cha kuangalia ni hewa kwenye sirinji, kale kaputo kakikaa chini ya pistoni basi dawa uliyoweka haijafika ml 1 na namba inayumba, na pia viputo vilivyoganda kwenye kioo cha kichupa, gonga gonga kwa kidole vitoke kwanza.

Salifert ni kipimo kizuri na nakitumia mpaka leo kwa kalsiamu na magnesiamu, ila ile ya kusubiri rangi igeuke chini ya taa za bluu za tangi ni ubishi mtupu, mimi nasema imeshageuka pinki, mke wangu anasema bado, tunaishia dirishani na karatasi nyeupe. Na jioni ya Novemba London dirishani hakuna mwanga wowote wa kukusaidia. Hapo ndipo mashine inapokuwa na maana.

Sasa desimali. Hanna wenyewe wanaandika usahihi wake ni dKH 0.3 kujumlisha asilimia 5 ya namba uliyosoma, juu au chini. Piga hesabu, ikisoma 8.0 ukweli unaweza kuwa popote kati ya 7.3 na 8.7. Kwa hiyo mtu anayeona 8.2 leo, 8.0 kesho halafu anakimbilia kumwaga dawa ya kupandisha alkalini anafukuza kivuli. Wewe na jirani yako mnaweza kutofautiana zaidi ya dKH 1 kwa maji yale yale na mashine zote zikawa nzima. Tumia mashine hiyo hiyo, saa ile ile, andika kwenye daftari, fuata mwelekeo wa siku kadhaa. Tumbawe halijali sana kama upo 7.5 au 9, linachojali ni usilirushe rushe.

Na hapo chumvi za kutengenezea maji ya bahari zinawaponza wengi. Red Sea Coral Pro ukiichanganya inakupa karibu dKH 12, tangi lako lipo 8, umebadilisha asilimia 20 ya maji, umeshapanda mpaka 8.8 kwa mkupuo mmoja bila kugusa dawa. Si chumvi mbaya, ila ina wenyewe, kwa tangi jipya lenye vipande vitatu sioni kazi yake. Pima maji mapya kwenye ndoo kabla hayajaingia. Na maji ya bomba ya London jinsi yalivyo magumu usithubutu bila RO, ule mtambo wa kuchuja madini kwenye maji.

Ikibidi kupandisha, gramu 3 za baking soda kwa lita 100 zinapandisha dKH 1, yeyusha kwanza, na usivuke hiyo dKH 1 kwa siku. Baking soda safi nasema, siyo magadi ya sokoni, yale yana kaboneti inayorusha pH juu na uchafu wake mwingine. Na ukiona unaongeza, unaongeza, alkalini haikai, pima magnesiamu, ikiwa chini sana ya miligramu 1300 kwa lita chokaa inajiganda yenyewe kwenye hita na pampu.

Lalamiko langu ni la duka moja la mtandaoni, silitaji, walioniletea chupa za dawa ya kupimia zilizobakiza wiki chache tu kuisha muda, tukavutana weee mpaka wakabadilisha. Dawa inauzwa ya vipimo 25, kwa anayepima kila siku haimalizi mwezi, hiyo gharama iweke kwenye bajeti toka mwanzo, na chupa ikifika soma tarehe kabla hujafungua.

Kama una matumbawe laini tu na samaki wawili watatu, acha, chukua ya matone, hela inayobaki nunua chumvi.