Mifuko ya Pamba ya Sokoni na ya Friji: Chunguza Dondo Kabla ya Kulipa

Wiki chache kabla ya Ramadhani nilinunua mifuko sita ya pamba katika duka moja la hapa Mombasa, kila mmoja kwa shilingi 450, nikikusudia kutia humo viazi, vitunguu na mboga za majani. Ilikuwa mizito mkononi, imenyooka kana kwamba imetoka kupigwa pasi, na muuzaji akanihakikishia kwamba hiyo ndiyo pamba nzito. Nilipoifua mara ya kwanza, maji yaligeuka meupe kama ya kuoshea mchele. Ilipokauka, mifuko ilikuwa imelegea, imepungua urefu kwa vidole vitatu, na nyuzi zimeachana kiasi kwamba niliweza kuona vidole vyangu upande wa pili. Mmoja ulipasuka kwa kilo mbili za viazi kabla sijatoka soko la Kongowea.

Nilichokuwa nimelipia ni dondo, na ndiyo maana mwongozo huu hautazungumzia rangi, maandishi wala urefu wa mikanda. Dondo ni wanga unaopakwa nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, kiwandani ili zisikatike wakati wa kufumwa, na kwa kazi hiyo halina ubaya wowote. Ubaya huanza pale kitambaa chepesi kinapoachiwa dondo jingi, au kuongezewa, ili kionekane kizito. Katika unyevu wa pwani wanga huo huleta ukungu na kuwaita mende kabatini, na mchicha ulioingizwa humo ukiwa na majimaji hunata na kuchacha upesi. Bibi zetu walijua kwamba marekani mpya, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, haivaliwi kabla ya kufuliwa ikatolewa dondo. Sijui kwa nini tumelisahau jambo hilo tunaponunua mfuko wa chakula.

Kulitambua si kazi ngumu. Sugua kitambaa kwa kitambaa chenyewe juu ya nguo nyeusi, kwa nguvu, uone kama vumbi jeupe litaanguka. Kisha kikunje pembe, ukilowanishe na kukifikicha: kitambaa kilichosimama kwa uzito wake kitabaki na mwili, na kilichosimamishwa na wanga kitalegea papo hapo. Asiyeridhika na anunue mfuko mmoja tu, autilie nyumbani tone la dawa ya ayodini ya vidonda; palipo na wanga patageuka rangi ya buluu iliyokaribia weusi.

Baada ya majaribio hayo, chaguo langu la kwanza, nalisema bila kuficha mapenzi, ni mfuko unaoshonwa na fundi kwa kitambaa cha pamba tupu cha Rivatex, kiwanda cha Eldoret ambacho kiliporomoka na baadaye kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Ndugu yangu aliyeko huko huniletea mita tatu anaposhuka pwani. Nimeifua mifuko yangu kila wiki kwa zaidi ya mwaka, na kitambaa kimekuwa laini bila kuwa wazi. Sharti ni moja: kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto na kukaushwa kabla fundi hajashika mkasi, la sivyo njia ya kamba mdomoni itajikunja na mfuko hautafungika. Mfuko mnene wa namna hii ndio unaofaa viazi, kwa sababu huzuia mwanga unaovifanya kuwa kijani.

La pili ni leso (kanga) kuukuu. Dondo lake lilikwisha miaka iliyopita, kitambaa kimekwisha kupungua, na kwa sukuma wiki, mchicha na dania sijaona kinachoizidi: ishone mfuko, uloweshe, uukamue vizuri, utie mboga kavu, uuweke chini kabisa katika friji. Mboga hukaa siku nne au tano bila kunyauka. Haifai kubebea mizigo sokoni, kwani nyuzi zake zimechoka.

La tatu ni mifuko ya marekani inayoshonwa na mafundi wa mjini, ikiwa tu fundi atakubali ukilowanishe kipande mbele yake. Mifuko ya bei rahisi inayofanana na kitambaa lakini ni plastiki ilipigwa marufuku na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, mwaka 2019, na sina zaidi la kusema juu yake.

Kinachoniuma ni wauzaji. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 tumekuwa hatuna budi kununua, nao wanalijua hilo. Niliporudisha ile mifuko niliambiwa kwamba ikishafuliwa haipokelewi, ilhali kasoro yake haionekani mpaka ifuliwe. Mamlaka ya mazingira ya Denmark ilikadiria mwaka 2018 kwamba mfuko wa pamba hauna budi kutumika mara 52 ili ulingane na ule wa plastiki kwa athari za tabianchi pekee, na mara 7,100 vigezo vyote vikihesabiwa. Wangu ulitumika mara moja. Muuzaji anayeandika neno “asilia” kwenye lebo na aandike pia uzito wa kitambaa kikiwa kimekwisha kufuliwa, kwa gramu kwa kila mita mraba, ndipo anidai hizo shilingi 450.