%05d au %.5d: sifuri za mbele kwenye C

Nilikuwa naandika kijiprogramu cha kuorodhesha magunia ya kahawa hapa Moshi. Gunia la 42 lilitakiwa lisomeke 00042, ili safu isipinde kama foleni ya daladala. Kwenye printf, amri ya kuchapisha katika lugha ya programu ya C, njia ni mbili, "%05d" na "%.5d", na kwa magunia zote zinatoa jibu lile lile.

Tofauti huibuka namba ikiwa hasi. Magunia hayawi hasi, lakini baridi ya kileleni Kilimanjaro inaweza. Chukua nyuzi -7. "%03d" hutoa -07, maana 3 pale ni upana wote, alama ya kutoa ikiwemo. "%.3d" hutoa -007, kwa sababu nukta huhesabu tarakimu tu, alama inakaa nje.

Kwa jedwali la halijoto nachukua ya kwanza, safu zinabaki sawa. Kwa namba za magunia napendelea ya pili, kwa kuwa inakubali kuongezewa upana: "%8.5d" huacha nafasi tatu tupu, kisha 00042. Ila ukichanganya zote, "%08.5d", ile sifuri hupuuzwa kimya kimya. Hapo nilipoteza jioni nzima nikilaumu kompyuta.

Hakuna inayokata namba: 123456 hutoka nzima kwa zote mbili.

Na usije ukaandika 042 ndani ya msimbo wenyewe ukidhani unapendezesha. C huisoma kwa msingi wa nane, nawe unapata 34.