Rivyuu: Express Entry ya Kanada, je wenyeji wanapata walichoagiza?

Rivyuu nyingi za Express Entry, yaani mfumo wa pointi ambao Kanada wanautumia kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, zinaandikwa na waombaji, nilikuwa na pointi ngapi, nilisubiri sana, basi. Mi nataka kuiangalia upande wa pili, maana huu mfumo haukutengenezwa kwa ajili yetu jamani, ulitengenezwa kwa faida ya Kanada. Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano, na zilizopungua karibu zote zimepotelea baada ya mtu kushuka kwenye ndege.

Kwa asiyejua, Kanada walianza kuchagua wahamiaji kwa pointi tangu 1967, ila Express Entry yenyewe ya mtandaoni ilianza Januari 2015. Unafungua profaili, unapewa pointi za umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi, mwisho kabisa ni 1,200, halafu wanakata mstari, walio juu wanapata mwaliko wa kuomba ukazi wa kudumu na siku 60 za kuleta makaratasi. Wa miaka 20 mpaka 29 anachukua pointi zote za umri, ukifika 45 unapata sifuri. Inauma ila kwa upande wao ni akili kubwa, wanachukua mtu ambaye kalelewa, kachanjwa na kasomeshwa kwa gharama za wazazi na nchi nyingine, anafika anaanza kukatwa kodi na bado ana miaka thelathini na kitu ya kufanya kazi kabla hajaanza kudai pensheni. Kwa nchi ambayo wanawake wanazaa chini ya watoto 1.5 kwa wastani na wazee wanazidi kuongezeka, hiyo ni dili ya kufa mtu. (Nchi alikotoka ndo inabaki na bili, ila hiyo ni rivyuu nyingine.)

Kitu kingine nilichokipenda, tangu 2023 wanaita pia kwa makundi, watu wa afya, mafundi, wanaojua Kifaransa. Kabla ya hapo mhasibu mwenye Kiingereza cha kunyooka alikuwa anampita fundi wa kuchomelea kila siku, na wakati huohuo wanaotafutwa kwenye saiti za ujenzi ni mafundi.

Sasa tuje kwenye madudu.

Kubwa kuliko yote ni vyeti. Ili upate pointi za elimu ya nje lazima digrii yako ipimwe, wanakuandikia kabisa kwamba inalingana na ya Kanada, unafurahi, unafika huko, bodi ya taaluma ya jimbo, ile inayotoa leseni ya kufanya kazi, inakwambia hapana, anza mitihani upya, tena kila jimbo na bodi yake. Yaani serikali inampa daktari pointi kwa sababu ni daktari halafu anaishia kuendesha teksi huku wenyeji wanalia hawana daktari wa familia. Hapo aliyepata hasara ni nani kama si mwenyeji mwenyewe? Mhamiaji ataumia ndiyo, lakini nchi nayo imelipia mfumo mzima wa kuchuja watu halafu haiwatumii.

La pili ni pa kuishi, na hapa nitaitetea Express Entry kidogo. Mwaka 2023 watu waliongezeka kwa asilimia 3.2, haijawahi kutokea tangu 1957, na karibu ongezeko lote lilitokana na uhamiaji, nyumba hazijengwi kwa kasi hiyo popote pale, kodi za nyumba zikapaa na wenyeji wakachukia. Ila wengi wa lile wimbi hawakupita kwenye pointi, walikuja na vibali vya muda, wanafunzi na wafanyakazi, mlango ambao ulikuwa haujawekewa kikomo. Mpaka Januari 2024 ndo wakatangaza kikomo cha wanafunzi, na Oktoba mwaka huohuo wakashusha lengo la wakazi wa kudumu wa 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000. Kwa hiyo mlango uliokuwa na mchujo mkali nao ukabanwa kwa makosa ya mlango wa uani. Na hao wa vibali vya muda wengine kibali kimefungwa kwa mwajiri mmoja tu, hawezi kulalamika wala kuhama, bosi analipa anavyotaka, na mwenyeji anayefanya kazi kama hiyo naye mshahara wake unakaa palepale. Hiyo lawama mi naipeleka kwa waajiri na sheria, sio kwa mgeni.

Halafu kuna hii ya majimbo. Jimbo likikuteua unaongezewa pointi 600, umepita hiyo, ila ukishakuwa mkazi wa kudumu katiba inakuruhusu kuishi jimbo lolote, baadhi wanabeba mabegi kwenda Toronto au Vancouver na jimbo dogo linabaki na upungufu wake.

Nyota nusu nimewarudishia kwa sababu wanarekebisha. Pointi za ofa ya kazi zilikuwa 50 au 200, watu wakawa wanauziana ofa feki kama njugu, Machi 2025 wakazifuta zote. Wakiweza hivyohivyo kuziburuza zile bodi za taaluma zimalize mitihani na mtu akiwa bado kwao, naongeza nyota nzima. Kwa sasa kama we ni nesi, daktari au injinia, andikia bodi ya jimbo unalolitaka kwanza, profaili ifuate baadaye.