Mimea ya nyumbani Mombasa: upi ununue kwanza, upi uuache kitaluni

Simama kwenye kitalu chochote cha kando ya barabara, iwe Nyali, Bamburi au upande wa Likoni, utasikia swali linalotangulia hata bei: "Huu ndio ule unaosafisha hewa?" Muuzaji ana karo ya kulipa, atajibu ndiyo. Hata ukimwonyesha mchicha atajibu ndiyo.

Maneno hayo yana chanzo. Mwaka 1989 B. C. Wolverton na wenzake wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliweka mimea ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa, wakaona inapunguza kemikali kama benzini na formaldehaidi. Lakini kisanduku kile si sebule yako yenye madirisha mawili na mlango unaofunguliwa kila mtoto akipita. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, hukohuko Marekani, walikusanya matokeo ya miaka mingi ya majaribio ya aina hiyo wakapiga hesabu: ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa ya kawaida kuingia na kutoka nyumbani, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Sasa kitanda utakiweka wapi? Fungua dirisha, upepo wa kusi ukufanyie kazi hiyo bure.

Kuna sifa nyingine mbili zinazorudiwa. Ya kwanza, kwamba mimea huongeza unyevu ndani ya nyumba. Hiyo ni faida ya watu wanaowasha moto wa kupasha nyumba. Sisi ambao chumvi inashikana kwenye kikopo na mkate unaota ukungu kabla haujaisha, nani ameagiza unyevu? Ya pili, kwamba sansevieria (mmea wa nyoka) na mshubiri hutoa oksijeni usiku. Kweli mimea hiyo hufungua vitundu vya majani yake usiku ikavuta kaboni dioksaidi, lakini oksijeni hutengenezwa penye mwanga, yaani mchana. Kinachokuhusu wewe mnunuzi katika tabia hiyo ni kwamba kwa kufunga vitundu wakati wa jua kali, mmea hupoteza maji kidogo mno. Kwa mji huu, hiyo peke yake inatosha kuulipia.

Kwa hiyo orodha hii haikupangwa kwa kigezo cha hewa. Nimepanga kwa harufu, kwa jiko, kwa jicho, na zaidi kwa maji. Maji ya mfereji yanayotoka Mzima na Baricho huja kwa zamu, na nyumba nyingi hujaza pengo kwa maji ya kisima yenye chumvi au mitungi ya lita 20 ya mkokoteni. Chumvi hujikusanya udongoni, ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia, na mwenye mmea akidhani ni kiu anazidisha maji yaleyale. Kabla hujatoa pesa jiulize utanywesha kwa maji gani. Kama nyumba ina AC, weka mtungi chini ya bomba lake la nje: yale maji yanayodondoka ni mvuke uliopoa, karibu hayana chumvi kabisa, na kwa mimea isiyoliwa yanafaa kuliko ya kisima.

1. Mwasumini, kama una jua

Nauweka wa kwanza, na najua wenye nyumba za giza watanuna. Hakuna mmea mwingine wa chungu ambao faida yake inaonekana mpaka kwa jirani. Maua yake hufunguka jioni, na chungu kimoja penye roshani hutosha kutia harufu chumba cha kulala. Asubuhi unachuma, unatunga, au unachanganya na mrehani kwenye kikuba. Ukiwa na wingi unamwaga kitandani. Hauna sumu kwa mtoto wala kwa paka.

Sharti lake ni jua la moja kwa moja, saa tano hivi kwa siku. Bila hilo utapata majani matupu, mazuri lakini bubu. Chagua mche wenye vikonyo vya maua tayari, kisha unuse, kwa sababu kuna wa tabaka moja na wa tabaka nyingi na pua yako ndiyo itakayoishi nao. Upande katika ndoo kuukuu ya rangi ya lita 20 uliyoitoboa chini, na kila maua yakiisha ukate ncha, maana maua mapya hutoka kwenye matawi machanga. Wanaokaa mkabala na bahari wauweke nyuma ya ukuta mfupi wa roshani; upepo wa chumvi huuunguza.

2. Sansevieria

Huyu ndiye wa kwanza kwa wenye nyumba za giza, na kwa msafiri, na kwa anayesahau. Ni ile yenye majani marefu yaliyosimama, yenye mistari au ukingo wa manjano, ambayo wengine huiita mmea wa nyoka. Asili yake ni Afrika Magharibi. Inakaa pembeni ya ngazi, inakaa roshani juani, inashinda karibu mimea yote iliyomo humu kwa kustahimili maji yenye chumvi kidogo, na ukiondoka kwenda bara wiki tatu unaikuta ilivyo. Kinachoiua ni huruma: watu huinywesha kila siku ikaoza shina. Subiri udongo ukauke kabisa.

Usinunue jani moja refu la kupendeza ndani ya chungu cha rangi. Nunua lile fungu lililobana kwenye mkebe mbovu, ukaligawe mwenyewe nyumbani upate vyungu vitatu. Paka akiitafuna atatapika, ila wengi huionja mara moja wakaacha.

3. ZZ

Mmea wenye majani mazito yanayong'aa utadhani yamepakwa mafuta. Wauzaji watakwambia umetoka ng'ambo, na wana nusu ya ukweli. Ni mmea wa Afrika Mashariki, pwani yetu na Zanzibar zikiwemo. Vitalu vya Uholanzi vilianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, sasa unaturudia na bei ya mgeni. Bei hiyo ina sababu nyingine pia: hukua polepole. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji, ndiyo maana unywaji wake ni mara moja kwa wiki tatu au nne. Ni bora kuliko sansevieria kwa chumba cha ofisi chenye taa tupu. Lakini ukitafunwa unawasha kinywa, kwa hiyo penye mtoto anayetambaa weka juu.

4. Mrehani, mchaichai na mshubiri

Nimezitia pamoja kwa kuwa zote ni za dirisha la jikoni na hazikugharimu kitu. Mrehani utauchoka kabla ya mwaka kwisha, unakuwa kijiti, panda mwingine. Mchaichai usiununue kitaluni hata kidogo: chukua mashina yenye kitako kizima Marikiti au Kongowea, yasimamishe kwenye maji kidogo hadi yatoe mizizi, panda, kisha chai yako haina tena safari ya sokoni. Hii miwili iliyo ya kuliwa inywesheni maji ya mfereji, si ya AC.

Mshubiri ni hazina kwa mpishi anayeungua kidole. Ule utomvu mzito wa katikati ya jani hutuliza ngozi. Maji ya manjano yaliyo chini ya ganda ndiyo shubiri yenyewe, ile ambayo mama hupaka titi kumwachisha mtoto ziwa, nayo huendesha tumbo. Kwa hiyo wanaokushauri usage jani zima unywe wakati wa njaa, waache wanywe wao.

5. Mmea wa pesa

Unatambaa, unaning'inia, una majani yenye umbo la moyo yaliyochanganya kijani na manjano. Kwao ni visiwa vya Polinesia. Mzuri kabisa, na sikushauri uununue, kwa sababu kila ngazi ya ghorofa Mombasa ina mtu anao. Omba kipande, kata chini kidogo ya kifundo cha jani, tia kwenye maji. Baada ya wiki kadhaa una mmea. Una sumu ya kuwasha mdomo kwa watoto na paka, na kwa mji wenye paka wengi hivi hilo si jambo dogo.

6. Mpalma wa areka

Umetoka Bukini na ndio unaopendeza zaidi kwenye picha za hoteli. Paka hadhuriki nao. Lakini unakunywa sana, unachukia maji ya kisima, na mbele ya AC hushikwa na utitiri mwekundu chini ya majani. Kama tangi lako ni la maji yasiyo na chumvi na sebule ina dirisha kubwa, ununue. Vinginevyo utakuwa umenunua ufagio wa bei ghali. Wenye maji ya chumvi wasihangaike nao, wachukue sansevieria.

Diefenbakia, yule mwenye majani mapana yenye madoadoa meupe, aachwe kitaluni na kila mwenye mtoto mdogo. Utomvu wake una vijichembe vya kalisi oksaleti vinavyochoma ulimi mpaka uvimbe na sauti ikapotea. Yungi la amani nalo lina jambo hilohilo kwa kiasi kidogo, na hulegea kila mfereji ukikauka.

Siku ya kununua

Nenda asubuhi, na ikiwezekana baada ya mvua za masika kuanza. Mche ulionunuliwa katikati ya joto la kaskazi huanza maisha kwa taabu. Geuza majani uangalie chini yake: unga mweupe kwenye maungio ni wadudu, na watahamia kwenye mimea yako yote. Shika shina utikise taratibu. Likicheza, mmea umechomekwa jana. Nusa udongo, ukinuka uvundo, mizizi imeoza. Kisha uliza umekuzwa chini ya neti au juani, kwa sababu mmea wa juani ukiuingiza ghafla chumbani unapukutisha majani na utamlaumu muuzaji bure.

Udongo wake pia ununue. Mchanga wa kiwanjani kwetu ni wa matumbawe na una chokaa nyingi, na wa ufuoni una chumvi. Omba udongo mwekundu na samadi iliyooza, uongeze usumba wa nazi, ambao kwa pwani hii ni aibu kuulipia bei ya pakiti ya dukani. Ukiwa umepanda tuktuk kurudi, yafunge majani kwa gazeti; upepo wa darajani huchana.

La mwisho ni visahani. Mombasa imepata milipuko ya homa ya dengi, ukiwemo ule wa 2013, na mbu wake wa mchana hutaga kwenye maji masafi yaliyotulia, kama yale ya kisahani cha chungu na ya chupa ya mmea wa pesa. Hukomaa kwa muda wa wiki moja hivi kwenye joto letu, na mayai hubaki hai miezi yakiwa makavu, kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Sugua kisahani kwa brashi kila wiki au ujaze changarawe mpaka juu, na maji ya chupa uyabadili kila siku ya tatu.