"Jaza mpaka shingoni": uzoefu wangu na amoksilini ya maji

Nianze na haki: dawa yenyewe sina ugomvi nayo. Mwanangu wa miaka 3 hutema kila dawa, lakini hii yenye harufu ya stroberi aliimeza akadai nyingine. Ugomvi wangu ni na yule kaka wa duka la dawa karibu na stendi, aliyenipa chupa ya unga huku macho yake yako kwenye simu.

Sikio la mtoto lilikuwa linatoa usaha. Zahanati waliandika amoksilini ya miligramu 125 kwa mililita 5, apewe mililita 10 asubuhi na 10 jioni, siku 5. Nikauliza, "Kaka, maji naweka kiasi gani?"

"Jaza mpaka shingoni, dada."

Na kikopo cha kupimia? "Tumia kijiko cha nyumbani." Kijiko kipi? Kwangu kuna vijiko vya chai aina tatu, hakuna kinacholingana na mwenzake. Akacheka, na waliokuwa nyuma yangu wakacheka naye. Wala hakuuliza kama mtoto amewahi kuvimba au kutoka vipele kwa penisilini, jamii ya antibayotiki ambayo amoksilini nayo imo.

Bahati nzuri nesi alishanipa bomba la sindano, bila sindano yake, la kupimia. Nikachemsha maji, nikayaacha yapoe kabisa, nikajaza mpaka shingoni kama mtoto mtiifu. Chupa ikajaa pomoni. Hebu jaribu wewe kutikisa chupa iliyojaa pomoni! Unga ukagandamana chini, nami natikisa mpaka bega linauma.

Sasa mimi ni karani wa stoo, hesabu ndiyo inayonilisha. Mililita 20 kwa siku, mara siku 5, ni 100, na chupa imeandikwa 100. Jioni ya mwisho nimemaliza kumpa, naona chupani bado kuna dawa, kama dozi mbili nzima. Nikaisogeza kwenye taa. Kumbe begani kwenye karatasi ya chupa kuna kimshale kidogo: maji yaishie hapa. Nilizidisha kama mililita 20. Yaani dozi ya miligramu 250 ikawa kama 208, na hiyo ni kama unga ungechanganyika sawasawa. Haukuchanganyika. Siku za mwanzo mtoto alikunywa maji ya stroberi, za mwisho akanywa tope. Na mimi muda wote nailaumu dawa kwamba ni feki!

Kesho yake nikarudi dukani na chupa mkononi. Unajua alinijibu nini? "Mtoto si amepona? Sasa unalia nini?"

Ni kweli, sikio lilikuwa linakauka. Hapo ndipo hasira inaponipanda zaidi, maana sikuwa na la kumjibu mbele za watu. Ningetaka nimwambie kwamba dozi pungufu ndiyo inayowafundisha bakteria kuizoea dawa, lakini maneno hayo yalinijia nikiwa nimeshapanda daladala.

Nikaenda zahanati. Nesi akamulika sikio, akasema linaendelea vizuri, ila nimrudishe baada ya siku chache alitazame tena. Kisha akanionyesha kwa chupa nyingine: gonga kwanza unga ulegee, tia maji kiasi, tikisa, ngoja povu litulie, halafu ongeza taratibu mpaka kwenye mshale. Utikise tena kila unapotaka kumpa. Dakika mbili tu! Ile iliyobaki akaichukua kabisa, maana ikishachanganywa si ya kuweka kabatini. Aibu yangu niiseme: jirani alikuwa ameshaiomba kwa ajili ya mafua ya mwanawe, ambayo hayaponi kwa antibayotiki, na nilikuwa nimemwambia apitie jioni.

Kwa hiyo dawa naipa nyota 5. Hapana, 4, maana mshale ule ni mdogo kama kiroboto na rangi yake inafanana na karatasi. Duka sifuri. Nilitaka kuongeza nusu kwa sababu bei yao ni nafuu, lakini nimekumbuka kile kicheko.

Juzi nimenunua chupa nyingine kwingine, ya mdogo wake. Binti wa pale alichora mstari kwa kalamu ya wino mzito kabla sijauliza. Nikalipa ghali zaidi, na nimenung'unika njia nzima.